Kujianika au kuanikwa? Nyimbo tatu za Waayalandi na maneno machache kuhusu sitara



Leo nataka kuzungumzia muziki wa Ayalandi. Najua wapo watakaouliza, jamani, Mswahili na Ayalandi wapi na wapi? Jibu langu la kwanza ni la kijiografia. Ukishuka kituo cha Schuman, pale penye jengo la Berlaymont la Tume ya Ulaya, baa za Kiayalandi hazikosi, na ukiwa mtu wa lugha kama mwenzenu huwezi kuwakwepa Waayalandi, maana wamo katika kazi za tafsiri. Lugha yao ilifanywa rasmi katika Umoja wa Ulaya tarehe 1 Januari 2007, lakini hadhi kamili ikasubiri mpaka tarehe 1 Januari 2022, kwa sababu watafsiri walikuwa hawatoshi. Sisi tuliosubiri mpaka Februari 2022 ndipo Kiswahili kikubaliwe kuwa lugha ya kazi ya Umoja wa Afrika, hadithi hiyo tunaielewa bila mkalimani. Halafu pale Leuven, kama nusu saa kwa treni, watawa Wafransisko kutoka Ayalandi walianzisha chuo chao mwaka 1607. Kutoka chuo hicho Micheál Ó Cléirigh alitumwa nyumbani mwaka 1626 kwenda kukusanya miswada ya zamani kabla haijapotea. Wasomi wa ughaibuni wanaohangaika na lugha yao wakiwa ugenini! Mnaona kwa nini watu hawa nawahisi ni majirani.

Lakini sikuja kuwasifia tu. Nina hoja, nayo inahusu jambo ambalo kila tukikutana tunalilalamikia: watu wa siku hizi kujianika. Mtu akigombana na mumewe, dunia nzima inajua. Akilazwa hospitali, picha ya dripu. Akifiwa, picha ya maiti, astaghfirullah. Na maelezo tunayoyatoa sisi wasomi karibu siku zote ni yale yale: kwamba Mswahili kwa asili yake ana sitara na fumbo, Mzungu ndiye mwenye kumwaga kila kitu, na intaneti imetuletea maradhi ya kwao. Maelezo hayo nimeyasikia kwenye makongamano na nimeyasikia kwenye biriani za Idi. Kwa maoni yangu hayasimami, na nyimbo za Waayalandi ndizo zilizonionesha kwamba hayasimami. Nitachukua tatu ninazozipenda, halafu tuzirudishe nyumbani.

Wimbo wa kwanza unaitwa "Banna Strand". Ukikaa katika baa ya Kiayalandi usiku wa muziki, utausikia tu. Ni wimbo wa kisa, sauti yake nzuri na ya taratibu, watu wote wanaitikia. Unamhusu Roger Casement, aliyezaliwa Dublin mwaka 1864 na kunyongwa London tarehe 3 Agosti 1916 kwa kosa la uhaini. Alikuwa ametoka Ujerumani kwa nyambizi, akashuka pwani ya Banna katika jimbo la Kerry tarehe 21 Aprili 1916, siku chache kabla ya maasi ya Pasaka, akakamatwa siku hiyo hiyo. Silaha zilizokuwa zinakuja kwa meli hazikufika. Hiyo ndiyo hadithi ya wimbo.

Sasa tazameni wimbo huo umeacha nini. Casement huyu ndiye yule yule konsuli wa Uingereza aliyepanda mto Kongo mwaka 1903, akahojiana na watu waliokatwa mikono na waliochomewa vijiji kwa ajili ya mpira wa Leopold. Ripoti yake ilichapishwa London mwaka 1904. Waliotoa ushahidi walikuwa na majina na vijiji vyao vilikuwa na majina, lakini Wizara ya Mambo ya Nje ikayaondoa majina na kuweka herufi. Casement alikasirika sana, kwa sababu alijua ushahidi usio na jina ni rahisi kuuita uwongo. Na hapa hapa Brussels, mwezi Agosti 1908, kabla dola ya Leopold haijakabidhiwa kwa serikali ya Ubelgiji, nyaraka zake zilichomwa moto siku nane mfululizo. Tao kubwa la Cinquantenaire, lililokamilika mwaka 1905, liko mwendo mfupi kwa miguu kutoka zile baa ambamo Casement anaimbwa. Mnywaji anaimba kuhusu Kerry, na tao la yule mfalme liko nyuma ya mgongo wake. Wimbo hauna neno la Kongo hata moja.

Jambo la pili lililoachwa ni zito zaidi kwa mada yetu. Casement alikuwa na shajara, na ndani yake aliandika habari za mapenzi yake na wanaume. Alipohukumiwa kifo, watu wengi mashuhuri waliomba asamehewe. Basi maofisa wa serikali wakatoa kurasa za shajara ile wakazipitisha kimyakimya kwa wahariri wa magazeti, kwa viongozi wa dini, hata kwa balozi wa Marekani. Hawakuchapisha gazetini, hapana. Walionesha tu, mkono kwa mkono, na maombi yakapoa. Waayalandi kwa miongo mingi walisema shajara ni ya kughushi. Uchunguzi wa maandishi uliofanywa mwaka 2002 ulisema ni mkono wake, na bado wapo wasiokubali.

Wimbo, kama nilivyosema, umenyamaza. Mtu anaweza kusema hiyo ndiyo sitara, wamemfunika marehemu wao, na kwa upande wangu moyo wangu unaelewa. Lakini mhakiki ana haki ya kuuliza sitara hiyo imegharimu nini. Imegharimu mtu mzima. Casement wa wimbo ni jina na kamba, hana mwili, hana Kongo, hana makosa wala mapenzi. Ninaupenda wimbo kwa sauti yake, ila kimaudhui ni mwembamba, na wembamba wake una sababu.

Hebu tuangalie sarufi yetu kidogo, maana hapa ndipo Kiswahili kinapotusaidia kuliko Kiingereza. Tuna kuanika, tuna kuanikwa, tuna kujianika. Kitenzi kimoja, kauli tatu, na kila kauli inamtaja mtenda tofauti. Casement hakujianika. Aliandika ndani ya daftari lake, akalifunga. Alianikwa. Na wale Wakongo wa ripoti, wao walitaka kujulikana, wakafichwa. Waliotaka kusema walinyimwa majina na aliyenyamaza alitolewa hadharani, na kalamu iliyoamua yote mawili ilikuwa ya serikali moja. Kumbe swali la kwanza kabla ya "amesema mengi au machache" ni "neno lile lilikuwa la nani, na nani alilitoa?" Kiambishi kile kidogo -ji- tunakirusha ovyo sana siku hizi. Tunamwambia mtu amejianika hata pale ambapo ameanikwa.

Wimbo wa pili ni wa Sinéad O'Connor, na hapa nitakaa kidogo.

Wengi wenu mnamjua kwa ule mmoja wa mwaka 1990 ulioandikwa na Prince, na lile chozi katika video. Chozi halikupangwa, mwenyewe alieleza baadaye kwamba alimkumbuka mama yake, aliyefariki mwaka 1985. Ninaoutaka leo uko katika albamu hiyo hiyo, unaitwa "I Am Stretched on Your Grave". Maneno yake ni ya shairi la Kiayalandi la karne ya 17, lililotafsiriwa Kiingereza na Frank O'Connor. Mtu amelala juu ya kaburi la mpenzi wake usiku, na jamaa zake wanadhani yuko nyumbani kitandani. Sinéad akaliweka juu ya mdundo wa ngoma uliochukuliwa kutoka rekodi ya James Brown, unazunguka hauachi, na juu yake sauti peke yake karibu mpaka mwisho, ndipo fidla ya Steve Wickham inapoingia kama mtu aliyechelewa mazishini. Hakuna gitaa la kubembeleza. Ukiusikiliza kwa vipokea sauti usiku, nakuhakikishia utawasha taa.

Kihakiki, cha ajabu katika wimbo huu ni kwamba ni siri tupu, tena siri ya aibu, mtu analala makaburini, lakini hakuna anayesema Sinéad amejianika. Kwa nini? Kwa sababu kilio kimepitia kwenye shairi la miaka mia tatu. Ni kama kanga: maneno yako mgongoni kwangu, lakini kiwanda ndicho kilichoyaandika. Msemaji amesitirika ndani ya maneno ya watu waliomtangulia.

Miaka miwili baadaye aliivua kanga ile. Tarehe 3 Oktoba 1992, katika kipindi cha televisheni cha Saturday Night Live mjini New York, aliimba "War" ya Bob Marley bila chombo. Na "War", kumbukeni, imetolewa katika hotuba ya Haile Selassie mbele ya Umoja wa Mataifa mwezi Oktoba 1963, kwa hiyo maneno yalianzia kwetu Afrika Mashariki kabla hayajafika Jamaika. Sinéad alibadilisha mistari michache kutaja mateso ya watoto, na mwisho akachana picha ya Papa Yohane Paulo wa Pili. Ukumbi ukanyamaza. Wiki mbili baadaye, kwenye tamasha la kumuenzi Bob Dylan, Madison Square Garden, alizomewa, akaimba "War" tena juu ya kelele za kuzomea.

Picha aliyoichana ilikuwa ya mama yake, imetundikwa ukutani nyumbani kwao, na nyumbani kwao ndipo alipopigwa utotoni. Amelieleza jambo hilo katika kitabu chake cha mwaka 2021. Kwa hiyo tendo lile lilikuwa siri ya nyumba moja, na papo hapo lilikuwa shtaka la nchi nzima. Waliosema "anatuletea mambo yake ya nyumbani kwenye televisheni" hawakukosea kwamba ni ya nyumbani. Walikosea kudhani ni yake peke yake. Mwaka 2009 zilitoka ripoti mbili za serikali ya Ayalandi, ile ya tume ya Jaji Ryan mwezi Mei na ya Jaji Murphy mwezi Novemba, juu ya watoto walioteswa katika taasisi za Kanisa na juu ya viongozi waliofunika. Mwaka 2010 Papa Benedikto wa 16 akawaandikia Wakatoliki wa Ayalandi barua ya majuto. Miaka kumi na saba baada ya kuzomewa!

Sasa mtaniambia, mambo hayo ni ya Wazungu, kwetu mwanamke hawezi. Hawezi? Basi Siti binti Saad tumweke wapi? Wote tunamjua, Shaaban Robert kamwandikia wasifu, mwaka 1928 alikwenda Bombay kurekodi sahani za santuri, na tunamsomesha vyuoni kama kielelezo cha heshima. Lakini wimbo wake wa "Kijiti" ni nini kama si kumwaga mambo hadharani? Mwanamke mgeni, kaja Unguja kutoka Dar es Salaam, kauawa, mtuhumiwa katoroka, mahakama ikawageukia mashahidi, na wanawake waliotoa ushahidi ndio wakaishia kifungoni. Siti akaimba jina. Hakusema "kuna kijana fulani". Fumbo alilijua, alikuwa fundi wa fumbo, na pale aliamua kuliweka chini kwa sababu mahakama ilikwisha fumba vya kutosha. Siti na Sinéad wangekutana wangefahamiana mara moja.

Tukiwa wakweli, mapokeo yetu hayana njia moja ya kusema siri, yana njia nyingi. Liyongo gerezani alimwimbia kijakazi Saada ujumbe mbele ya walinzi, wao wakasikia wimbo, mama yake akasikia maagizo ya kutia tupa ndani ya mkate. Hilo ni fumbo lenye anwani. Siti ni tamko la wazi. Mwana Kupona ni wasia wa mama kwa binti yake, mambo ya chumbani kabisa, mpaka namna ya kumkanda mume. Lakini mwishoni mwenyewe anawaalika wanawake wote wausome. Mlango aliufungua mwenye nyumba. Na mipasho ya miaka ya 1990, enzi za TOT na Muungano, Khadija Kopa na Nasma Khamis, hiyo nayo sikwambii. Wazee walilalamika ati taarabu imekufa, imekuwa kusutana, na bado kumbi zilijaa. Kwa hiyo anayesema Mswahili kwa asili ni mtu wa kufumba tu, amesoma nusu ya maktaba.

Mpaka hapa ningeweza kufunga hoja kirahisi: anayesema siri yake kwa niaba ya wengi ni msanii, anayesema kwa ajili yake tu amejianika. Ningependa iwe hivyo, lakini Sinéad mwenyewe anaivunja kanuni hiyo.

Mwezi Agosti 2017 aliweka Facebook video aliyojirekodi katika hoteli ndogo huko New Jersey. Analia. Anaeleza maradhi yake ya akili, upweke, jamaa waliomwacha. Ni kama dakika kumi na mbili. Ikasambaa duniani kote. Na ndani yake alisema jambo ambalo waliosambaza hawakulitilia maanani, kwamba yeye ni mmoja tu kati ya mamilioni wenye hali hiyo, na kwamba anasema kwa ajili yao. Kwa kanuni yangu ya kirahisi, basi ile nayo ni sanaa, ni "War" nyingine. Lakini sivyo. Niliposoma watu wakiihakiki, mmoja anasema ni jasiri, mwingine anasema ni maigizo, mwenzenu niliona kama kwamba mtu anazama Nungwi na walio ufukweni wanajadili mtindo wake wa kuogelea. Video ile haikuwa na fani ya kuhakikiwa. Ilikuwa na mtu anayeomba aende mtu pale alipo.

Mwaka uliofuata alisilimu, akachukua jina la Shuhada, akaweka mtandaoni video akiadhini. Hapo ndugu zetu nao wakapata la kusema. Wapo waliotoa machozi ya furaha. Wapo niliowasikia kwa masikio yangu wakizicheza zile herufi zake za Kiarabu, haa iko wapi, ayn iko wapi, na kuisambaza wachekeane. Mtu ana siku chache katika dini! Mwaka 2022 alifiwa na mwanawe, akaandika hadharani maneno ambayo mama aliyefiwa huyasema chumbani kwa dada yake, na watu wakayapiga picha na kuyatuma huku na huku kabla hajapata nafasi ya kuyafuta. Tarehe 26 Julai 2023 akafariki London, umri wake miaka 56. Tarehe 8 Agosti wakazi wa Bray walisimama kando ya barabara ya baharini kwa maelfu kumsindikiza, na Sheikh Umar Al-Qadri akasoma dua za Kiislamu. Ayalandi ile ile. Walijua kumshika alipokuwa jeneza.

Ndio maana nakuja kwenye wimbo wa tatu, ambao kwa kweli ni namna ya kuimba kuliko wimbo mmoja. Kwa Kiayalandi huitwa sean-nós, yaani namna ya kale. Mwimbaji hana chombo, anaimba peke yake, mara nyingi amefumba macho au amegeuza uso. Kumwomba mtu aimbe, Kiayalandi husema "abair amhrán", sema wimbo, kwa sababu kwao wimbo husemwa. Na waimbaji wengine huyatamka maneno ya mwisho bila sauti ya wimbo, kama mtu anayeshuka ngazi na kurudi kuwa jirani yako. Na kuna desturi moja iliyonishika moyo: msikilizaji aliye karibu huushika mkono wa mwimbaji na kuuzungusha polepole, wimbo ukiendelea. Wengine humtilia maneno ya kumtia nguvu. Wimbo ukiwa wa kilio, mwenye kulia hayuko peke yake hata ubeti mmoja.

Msikilizeni Seosamh Ó hÉanaí, ambaye Waingereza na Wamarekani walimwita Joe Heaney. Alizaliwa Carna, Connemara, mwaka 1919, akahamia Uingereza, kisha Marekani, akawa bawabu wa jengo la matajiri Manhattan, na mwishoni akafundisha nyimbo zake Chuo Kikuu cha Washington, Seattle, mpaka alipofariki mwaka 1984. Sauti yake ni kama mlango wa mti mzito. Nikimsikiliza katika rekodi, kila mara najiuliza, kule New York nani alikuwa anamshika mkono? Wengi wetu tunaosoma hapa tuna shahada na bado tumepata kusimama mlangoni kwa watu. Swali hilo tunalijua.

Na hapa narudi nyumbani, maana sisi nasi tunao mkono huo, tunauita kutuza. Katika taarabu, mwanamke akisikia ubeti uliomgusa, huinuka, huenda mbele kwa madaha, noti juu, mbele ya ukumbi mzima. Kila mtu anaona amesimama kwenye ubeti gani. Shoga zake wanajua, mke mwenzake anajua. Yaani msikilizaji naye ametoa siri yake ili mwimbaji asibaki peke yake na neno lile. Siti alipoimba, waliomtuza walijihatarisha pamoja naye. Hiyo ndiyo iliyokuwa sitara yetu ninavyoielewa mimi: neno linaweza kuwa wazi kabisa, ila msemaji ana watu.

Sasa linganisheni na kidole gumba. Miaka michache iliyopita mama mmoja wa jamii yetu hapa Brussels alifiwa na mumewe. Usiku mmoja wa eda alimtumia shoga yake ujumbe wa sauti kwa WhatsApp, dakika saba hivi: madeni aliyoachiwa, mke mwingine aliyejulikana siku ya mazishi, hasira, kilio. Sikio moja ndilo lililokusudiwa. Kabla ya arubaini ujumbe ulikuwa umekwenda Mombasa, Muscat na Toronto, na mwenzenu nililetewa na watu watatu wasiojuana. Wote watatu waliandika chini yake maneno yanayofanana: huyu mama hana sitara, amejianika.

Tazameni ile -ji- tena. Mama alisema siri yake kwa shoga yake, jambo ambalo mabibi zetu wamelifanya tangu nyumba zilipoanza kuwa na baraza. Wasomi watatu, wawili kati yao naamini wamemsoma Mwana Kupona kwa Kiamu chake, walimwanika mjane, kisha wakatumia kauli ya kujirejea kumtwika mzigo. Hivyo hivyo maofisa wa London walivyopitisha zile kurasa mwaka 1916, mkono kwa mkono, wakisikitika. Kati ya wote waliousikia ujumbe ule, waliokwenda kwake Schaerbeek na sufuria ya pilau na kukaa naye mpaka usiku hawakufika watano. Watu hao ndio waliomshika mkono, na wao hawakuandika chochote popote.

Kwa hiyo maoni yangu ni haya, na mnikosoe. Kelele zetu juu ya watu kusema mno zinamtazama mtu asiye wa kwanza. Wanadamu hawajaanza kusema mno juzi. Waliolala makaburini katika mashairi ya karne ya 17 walisema mno. Kilichopungua ni wajibu wa anayepokea. Zamani ukisikia, ulilazimika kuwepo: mkono, noti, pilau, au angalau uso wako kuonekana ukumbini. Siku hizi tunapokea bila kuwepo, tunapeleka mbele bila kuwepo, halafu tunatoa hukumu ya maadili. Na mhakiki asidhani kila sauti inayolia ni matini. Nyingine unatakiwa uziache bila kuzihakiki, uvae koti utoke.

Hii haina maana kwamba kila anayejimwaga ana haki. Wapo wanaouza machozi, tunawajua, na wapo wanaotoa siri za watoto wao ambao hawakuulizwa. Hao ni kuanika, wala si kujianika, na kipimo ni kile kile: neno la nani, kalitoa nani?

Kwa wanaotaka kusikiliza, anzeni na Ó hÉanaí, wimbo wowote, taa zikiwa zimezimwa. Halafu albamu ya Sinéad ya mwaka 2002, "Sean-Nós Nua", ambamo ameimba nyimbo za kale za kwao kwa upole ambao magazeti hayakumjua nao. Na "The Foggy Dew" aliyoimba na The Chieftains mwaka 1995, ambayo ni ya maasi ya 1916 na kwa sanaa inaishinda "Banna Strand" mbali. Kisha fungueni "Kijiti". Mwenye kuujua wimbo ule kwa beti zaidi ya zile zilizozoeleka, au aliyesimuliwa na bibi yake nani walisimama kumtuza Siti usiku alipouimba, naomba atusimulie. Majina ya mitaa yanatosha, ya watu ayahifadhi kama wenyewe hawakuruhusu.

Nawasilisha.